Safari ya Baiskeli ya Hisani: Anayechoka Aruhusiwe Kushuka

Siku hizi si ajabu kusikia kikundi cha vijana, wanakwaya au wafanyakazi wa ofisi fulani wakitangaza kwamba watasafiri kwa baiskeli kutoka mkoa mmoja hadi mwingine, ili kuchangisha fedha za kumalizia wodi ya wazazi, kuchimba kisima au kununua madawati. Jambo lenyewe si geni katika nchi yetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Tangu mwaka 2002 wako wanaopanda Mlima Kilimanjaro, na wengine wanaouzunguka kwa baiskeli, kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI katika mpango wa Kili Challenge ulioanzishwa na Mgodi wa Dhahabu wa Geita. Na mwaka 2019 ulianza msafara wa Twende Butiama, ambao waendesha baiskeli wake hutoka Dar es Salaam kwenda kumuenzi Mwalimu nyumbani kwake, kuelekea tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki mwaka 1999. Hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000.

Wengi wakiona hivyo husema: "Hata sisi wa Dodoma tunaweza." Ni kweli mnaweza. Mtu aliyezoea kufunga gunia la mkaa kwenye keria na kulifikisha mjini hana haja ya kufundishwa kukanyaga pedeli. Lakini huu ni ukurasa wa afya, hivyo tusidanganyane: katika safari za namna hii miguu ndiyo inayochelewa kushindwa. Kinachomwangusha mtu mapema ni jua, maji, chumvi, kiti cha baiskeli, tumbo, na aibu. Naam, aibu ya kusema "jamani, nimechoka" mbele ya wenzake na mbele ya watu walioahidi fedha. Tuanze na hiyo aibu, kwa kuwa dawa yake hutolewa miezi kadhaa kabla ya safari, tena mezani, wala si barabarani.

KADI YA AHADI

Vikundi vingi hupenda kuchangisha kwa kilomita. Mfadhili huandika kwenye kadi: "Nitatoa shilingi 1,000 kwa kila kilomita utakayoendesha." Inavutia, na inawachangamsha watu. Lakini hebu fikiri juu ya kijana mwenye kadi za watu 20 za namna hiyo. Yuko kilomita ya 40, kichwa kinamgonga, mwili unamsisimka kwa baridi ilhali jua linawaka, na zimebaki kilomita 20. Akishuka, shilingi 400,000 za wodi zimepotea, na kila mtu atajua ni nani aliyezipoteza. Je, atasema? Hatasema. Atanyamaza, atazidi kukanyaga, na mwenzake wa nyuma atashtuka kumwona anayumba katikati ya barabara ya malori.

Kwa sababu hiyo tunashauri ahadi zitolewe kwa kikundi kizima na kwa safari nzima, wala zisihesabiwe kwa kichwa cha mtu au kwa kilomita. Barua ya kuombea mchango iseme wazi kwamba fedha ni za wodi, kwamba mshiriki yeyote anaweza kupumzishwa kwa ajili ya afya yake, na kwamba mchango hautapungua kwa sababu hiyo. Mfadhili mwenye nia njema hana sababu ya kukataa. Anayekataa, afadhali fedha zake zikose kuja.

Jambo la pili, kikundi kichague mtu mmoja wa afya, awe muuguzi, tabibu au mtu mwingine aliyefundishwa huduma ya kwanza, ambaye akisema "wewe shuka, panda gari" hakuna wa kumbishia, hata mwenyekiti wa safari, hata mwenye baiskeli ya bei kubwa kuliko zote. Iandikwe hivyo na kila mmoja aweke sahihi kabla ya kuondoka.

La tatu ni dogo, lakini linasaidia kuliko hotuba. Gari linalofuata msafara lisiwe gari la walioshindwa. Pangeni zamu, kila mshiriki apande gari kipande kimoja cha njia: leo hawa wanne, kesho wale wanne. Tena zamu ya kwanza wachukue viongozi. Kijana akimwona mwenyekiti ameketi ndani ya gari anakula karanga, naye hataona haya kuomba nafasi hiyo siku mwili utakapomwambia.

Na kwa kuwa tumegusa fedha: gharama za gari, mafuta na chakula ziwe na fungu lake, lisichanganywe na mchango wa wodi. Hilo si suala la afya ya mwili, lakini ugomvi wa fedha njiani huondoa usingizi, na asiyelala haendeshi vizuri.

KUPIMWA MIEZI MITATU KABLA

Kila mshiriki apimwe shinikizo la damu, sukari na wingi wa damu. Vipimo hivi si vigeni katika vituo vyetu vya afya. Mwenye shinikizo la 140 kwa 90 au zaidi arudi kwa mganga kabla ya kuanza mazoezi, na aliyefikia 180 kwa 110 asipande baiskeli ya safari mpaka limeshuka na mganga ameruhusu. Aliyepita miaka 40 na ambaye hubanwa kifua au kukosa pumzi anapopanda ngazi, aseme. Asingoje mlima umwulize.

Mgonjwa wa kisukari anaweza kusafiri, lakini mazoezi marefu hushusha sukari ya damu, hasa kwa anayetumia insulini. Azungumze na mganga wake juu ya kipimo cha dawa, atembee na sukari au glukosi mfukoni, na mwenzake wa karibu ajue dalili: kutetemeka, jasho la ghafla, kusema maneno yasiyoeleweka. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mwilini mwake, si ndani ya begi lililo garini, kwani vumbi la kwetu wakati wa kiangazi mnalijua. Vivyo hivyo anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI: ahesabu vidonge vya siku zote za safari na siku kadhaa za ziada, avibebe mwenyewe, asiruke saa yake. Halazimiki kumtangazia mtu.

Kuna ugonjwa mmoja unaohitaji tahadhari ya pekee, nao ni selimundu, ambao wengi huuita siko seli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nao duniani. Mwenye ugonjwa huu hapaswi kwenda safari ya namna hii kwa baiskeli, kwa kuwa kukaukiwa maji, uchovu mkubwa na baridi ya alfajiri ndivyo hasa vinavyoamsha maumivu makali. Kikundi kina kazi nyingine nyingi za heshima: kutunza hesabu, kupokea wageni, kupiga picha, kusimamia chakula. Aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida ni mzima na anaweza kwenda, ila asicheze na maji wala asishindane.

Mwisho, ulizeni chanjo ya pepopunda. Mtu akianguka barabarani hujichuna, na udongo huingia kwenye kidonda.

MAZOEZI NI KUZOEA KUKAA

Tuchukue mfano wa safari moja inayowezekana, kutoka Dodoma hadi Singida, kilomita 240 hivi. Kwa kikundi chenye Phoenix zisizo na gia pamoja na baiskeli za kisasa, mwendo wa kweli ni kilomita 12 hadi 15 kwa saa. Kikundi huenda kwa mwendo wa Phoenix. Hivyo siku nne za kilomita 60 hivi ni kipimo kizuri, yaani saa nne au tano za kukanyaga kila siku.

Jiandaeni kwa wiki 12. Mwezi wa kwanza endesheni mara tatu kwa wiki, kilomita 15 hadi 20, na siku moja ya mwisho wa juma mfike 30. Mwezi wa pili ile siku ndefu ipande polepole hadi 50. Kwenda Chamwino na kurudi kwa njia ya Morogoro kunatosha na kuzidi, na vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma ni shule nzuri ya kupanda. Mwezi wa tatu ndipo lije zoezi ambalo vikundi vingi huliacha: kuendesha siku mbili mfululizo, Jumamosi kilomita 60 na siku inayofuata 50. Siku ya kwanza kila mtu ni shujaa. Ni siku ya pili asubuhi, unapokalia kiti kile kile kwa matako yale yale yenye maumivu, ndipo unapojua kama uko tayari. Wiki ya mwisho punguzeni, mwili upumzike.

Fanya mazoezi kwa baiskeli ile ile utakayosafiri nayo. Kiti kiwe juu kiasi kwamba ukikaa na kuweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Kiti kikiwa chini mno, magoti huuma kwa mbele. Kikiwa juu mno, huuma kwa nyuma. Maumivu mengi ya magoti ambayo watu huyatibu kwa kuchua na vidonge yangeisha kwa spana ya fundi baiskeli.

Juu ya vidonda vya kukalia, watu huona haya kuvizungumza, na matokeo yake huvificha mpaka vinaoza. Sababu ni jasho, msuguano na mishono ya nguo. Vaa bukta laini ya kubana, isiyo na mshono mnene katikati. Paka mafuta mazito ya mgando sehemu zinazosuguana kabla ya kuondoka. Ukifika, oga mara moja, jikaushe vizuri, vaa nguo kavu na kubwa. Bukta ifuliwe kila siku na ikauke juani. Uvimbe ukitokea, mwone mtu wa afya siku hiyo hiyo. Ganzi ya sehemu za siri au ya vidole ni ishara ya kushuka, kutembea kidogo na kurekebisha kiti au hendeli.

Akina mama na wasichana wasiachwe nyuma kwa hoja za mavazi. Khanga na sketi pana hunaswa na cheni au spoki, na tumekwisha kuona mifupa ikivunjika kwa sababu hiyo. Suruali, au bukta ndefu chini ya sketi fupi isiyopwaya, hulinda mwili na heshima pamoja. Hedhi si kizuizi cha kuendesha, mradi taulo za kutosha ziwemo garini na kila kituo kiwe na mahali pa faragha pa kujisafishia. Kiongozi wa safari aliulize hilo mapema mwenyewe, asisubiri kuombwa. Mwenye mimba azungumze na mkunga kwanza, na kwa safari ndefu yenye malori na hatari ya kuanguka, jibu letu ni apande gari.

NJIA NA MAJIRA

Mkoa wa Dodoma hupata mvua kidogo, chini ya milimita 600 kwa mwaka mjini, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, ndiyo miezi ya joto kali. Majira mazuri basi ni Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe. Alfajiri ni baridi ya kutosha kutaka sweta, lakini mchana unavumilika. Shida ya kipupwe ni upepo, nao huvuma kutoka upande wa kusini-mashariki siku nyingi. Anayetoka Dodoma kwenda Singida husukumwa mgongoni. Anayetoka Singida kuja Dodoma hupigwa usoni siku zote nne. Kikundi kinachoweza kuchagua mwelekeo kikumbuke hilo.

Siku ya kwanza njia hushuka taratibu hadi Bahi, nchi ya mpunga, iliyo chini kuliko Dodoma. Wengi hufika Bahi wakijisifu. Siku ya pili baada ya Kintinku ndipo ukingo wa Bonde la Ufa unaposimama mbele yao, na barabara kupanda kuelekea Manyoni. Msipande ukingo huo saa saba mchana. Lala Bahi, ondoka saa 12 na nusu kunapopambazuka vizuri, ufike chini ya mlima kungali na ubaridi. Kushuka na kusukuma baiskeli si dhambi. Siku ya tatu na ya nne gaweni ile njia ya Manyoni hadi Singida, kilomita 120 hivi, mkipitia Ikungi.

Kabla ya safari mtu wa afya apige simu katika hospitali zilizo njiani, si baada ya mtu kuanguka. Kwa upande huu kuna hospitali za Dodoma, ikiwamo ya Benjamin Mkapa, ya wilaya pale Manyoni, ya Makiungu upande wa Ikungi, na ya rufaa Singida. Namba zake ziandikwe kwenye kikaratasi kinachobebwa na kila mshiriki pamoja na jina lake, ugonjwa alio nao, dawa anazotumia na namba ya ndugu yake. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

MAJI NA CHUMVI

Hapa tukae kidogo. Mtu anayeendesha juani hutoa jasho la nusu lita hadi lita moja kwa saa, na wengine zaidi. Hewa yetu ni kavu na ina upepo, hivyo jasho hukauka kabla hujaliona, na mtu hudhani hajatokwa na kitu. Angalia shati jeusi la mwendesha baiskeli saa tano asubuhi: ule ukoga mweupe mgongoni ni chumvi.

Kikundi cha watu 25 wakinywa lita 5 kila mmoja wakiwa njiani, ni lita 125 kwa siku, yaani madumu 7 ya lita 20. Ongezeni dumu la 8 lisiloguswa na mtu, la kummwagia mgonjwa. Maji ya kupikia na kuogea ni mengine. Yote ya kunywa yawe yamechemshwa au kutiwa vidonge vya kutibu maji, hata yakiwa yametoka kisima cha pampu, kwa kuwa dumu na mikono huyachafua.

Namna bora ya kujua kiasi chako ni mizani. Katika mazoezi jipime uzito kabla ya kuondoka na tena ukirudi, ukiwa umejifuta jasho. Kilo moja iliyopungua ni lita moja ya maji uliyokosa. Mtu wa kilo 60 asipoteze zaidi ya kilo moja na robo hivi. Kama huna mizani, tazama mkojo: wa njano hafifu ni salama, wa rangi ya chai ya rangi ni onyo, na asiyekojoa tangu asubuhi mpaka saa nane ashuke kwenye baiskeli.

Lakini lipo kosa la upande wa pili, ambalo watu hawalijui. Mtu aliyeogopeshwa habari za kukauka hunywa maji matupu chupa baada ya chupa bila kiu, saa baada ya saa, na ile chumvi iliyobaki katika damu yake huzimuliwa kama chai iliyoongezwa maji. Naye huumwa kichwa, hutapika, vidole huvimba mpaka pete hubana, kisha huchanganyikiwa, na akizidiwa hupata degedege. Ukimpa maji zaidi unammaliza. Alama ya kumtambua ni kwamba amekunywa mno, na uzito wake umeongezeka badala ya kupungua. Huyo apelekwe hospitali bila kupewa maji. Kwa hiyo kanuni ni hii: kunywa mafunda machache mara kwa mara unapohisi kiu, usijilazimishe kupita hapo, na chumvi isikosekane.

Chumvi na sukari hupatikana katika pakiti za ORS zinazouzwa dukani. Zikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyo na kilima, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Glasi moja kila kituo, pamoja na maji ya kawaida, inatosha watu wengi. Sisi wa Dodoma tunao pia ubuyu: juisi yake yenye sukari na chumvi kidogo hunyweka vizuri wakati ORS inakinaisha. Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu viacheni. Hupiga moyo mbio bila kumpa mtu chumvi anayoihitaji. Pombe ya jioni humfanya mtu aamke amekauka.

Na vidonge vya maumivu. Baadhi ya watu humeza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ili wasisikie maumivu ya mchana. Kwa mtu aliyepungukiwa maji dawa hizo zinaweza kuharibu figo na kutoboa tumbo. Anayehitaji, atumie parasetamoli kwa kipimo chake, na ajiulize kwa nini anaumwa.

JUA LIKIMPATA MTU

Mwanzoni ni uchovu, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza. Mlaze kivulini, inua miguu, mpe maji ya chumvi na sukari, na siku hiyo asiendeshe tena. Tahadhari ndogo juu ya kivuli: wakati wa kiangazi mbuyu hauna majani, na kinachobaki ni kivuli cha shina tu. Tafuta mwembe, mkwaju au ukuta wa nyumba.

Hatari ya kifo huanza pale mtu anapochanganyikiwa. Anajibu ovyo, anakuwa mkali bila sababu, anayumba, anaanguka, mwili ni wa moto mno. Asikudanganye mtu kwamba lazima jasho liwe limekauka; aliyepatwa akiwa kwenye mazoezi anaweza kuwa amelowa jasho na bado yuko hatarini. Usianze kwa kumpakia garini. Anza kwa kumpoza pale pale: mvue nguo za juu, mmwagie lile dumu la 8 mwili mzima, funika kifua na mapaja kwa vitenge vilivyoloweshwa, watu wawili wapepee kwa nguvu, lowesheni tena na tena. Wakati huo mwingine apige simu. Akipoa na kuanza kueleweka, apelekwe hospitali, huku mkiendelea kumpoza njiani. Asiyejitambua asinyweshwe kitu chochote. Alazwe kwa ubavu.

Ili hali hiyo isifike, wapangeni watu wawili wawili tangu siku za mazoezi. Kila kituo mmoja amwulize mwenziwe maswali matatu: umekunywa, umekula, umekojoa? La nne asimwulize, amtazame tu: leo anaongea kama kawaida yake? Mchangamfu aliyenyamaza ghafla ndiye wa kuangaliwa kwanza.

CHAKULA NA MIKONO

Mwendesha baiskeli huhitaji wanga mwingi. Jioni ugali wa uwele, mtama au mahindi ushibishe, na mlenda na maharage viwepo. Asubuhi uji mzito au viazi. Njiani kila saa kula kitu kidogo: ndizi, kiazi kilichochemshwa, karanga zenye chumvi, zabibu zetu zilizokaushwa. Usingoje njaa, kwani ikifika miguu huisha ghafla kama taa ya kandili iliyokosa mafuta. Vyakula vya kujaribu kwa mara ya kwanza vibaki kwa siku ya kurudi.

Chungu kimoja kichafu kinaweza kulaza msafara mzima kwa kuhara. Kila mahali mnapolala tundikeni vibuyu chirizi viwili, kimoja chooni na kimoja pa kulia, na sabuni. Wapishi wawe walewale siku zote, na mwenye kuhara asishike sufuria. Kila mtu awe na kitambaa chake cha uso. Ugonjwa wa trakoma, vikope, huambukizwa kwa mikono, vitambaa na inzi. Ni hukuhuku kwetu, Kongwa, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha faida ya kuwanawisha watoto uso. Wakubwa nao wana macho.

BARABARANI

Helmeti kwa kila mmoja, na fulana ya kuakisi mwanga. Asiye navyo asiondoke. Nendeni mstari mmoja, upande wa kushoto, katika vikundi vya watu 6 hadi 8 vilivyoachana mita mia kadhaa, ili lori liweze kupita kikundi kimoja na kurudi upande wake kabla ya kukifikia kingine. Mstari wa watu 25 waliofuatana unapendeza kwenye picha, ila dereva wa basi hana pa kuingia. Mbele awe mtu mtulivu asiyependa mbio. Mwisho kabisa awe mzoefu mwenye pampu, viraka na solusheni, ambaye hakuna mshiriki anayeruhusiwa kubaki nyuma yake. Saa tano baiskeli zilale kivulini mpaka saa kumi, na jua likikaribia kuzama mwe mmekwisha kufika.

BAADA YA KUFIKA

Siku ya kupokelewa kuna ngoma, hotuba na soda, na kila mtu husema yu mzima. Mtu wa afya asifunge sanduku lake bado. Awaulize wote juu ya mkojo: wa rangi nyeusi kama kola, pamoja na misuli kuuma sana na kuvimba, maana yake misuli imeumia na figo ziko hatarini, na huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Awakague vidonda vya kukalia na michubuko. Na kila mmoja arudi nyumbani akijua jambo hili: Dodoma tuna malaria kidogo kuliko mikoa mingi, hivyo wengi wetu hatuna kinga ya kuizoea. Mliolala Bahi karibu na majaruba, au safari nyingine Mtera kando ya bwawa au Morogoro, laleni ndani ya chandarua huko huko. Na homa ikikupata ndani ya wiki nne baada ya kurudi, usiseme ni uchovu wa baiskeli. Nenda upimwe siku hiyo, na umwambie mhudumu ulilala wapi.